Mandhari ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alifundisha jiografia mpaka alipostaafu, na tulipofika kambini kando ya Mto Ruaha Mkuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, alianza kusomesha kabla hata mizigo haijashushwa: kwamba maji haya huenda kuungana na Rufiji, na kwamba tangu 1993 mto umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, kwa kuwa maji mengi huchepushwa kwenda kwenye mashamba ya umwagiliaji huko Usangu. Mke wangu na mama yake, ambao somo hilo wamelisikia miaka mingi, walikwenda kulala kwenye banda la matofali.

Askari wa hifadhi alituonyesha mahali pa kusimamisha hema, chini ya mti, mbali kidogo na ukingo. Alipoondoka tu, baba mkwe akatikisa kichwa na kuchagua uwanda wa majani mafupi, yaliyolingana vizuri, hatua chache kutoka majini. "Mandhari ni hapa, mwanangu." Mtu ambaye bado anadaiwa mahari hapingani na mkwewe juu ya mandhari. Sikuthubutu hata kumuuliza ni nani aliyeyafyeka majani yale.

Mwenye kufyeka alikuja usiku wa manane. Kiboko hutoka majini giza likiingia ili akalishe, na kwa usiku mmoja huweza kula kilo 40 za majani. Hayo niliyapata kwa mnong'ono wa baba mkwe mwenyewe, huku tukisikia majani yakinyofolewa, kra, kra, upande wa pili wa turubai. Kisha mguu ukanasa kwenye kamba, vigingi vikachomoka, na hema lote likatuangukia. Kutoka nje usiku ni marufuku, na hata kama isingekuwa marufuku nisingetoka. Tulilala hivyo hivyo, kiwiko cha mzee kikiwa kooni mwangu, nami nimekumbatia goti ambalo, kwa kuwa yangu yote mawili nilikuwa nimeyalalia, bila shaka lilikuwa lake.

Kiboko dume huweka mipaka ya eneo lake kwa kunya huku akipunga mkia kwa kasi, ili mavi yatawanyike. Yalitua juu yetu kwa awamu.

"Anaweka mpaka," alininong'oneza baba mkwe.

"Ndiyo, baba."

"Sisi tumo ndani."

"Ndiyo, baba."

Kulipopambazuka nilimwamkia pua kwa pua, akaitikia marahaba huku akitazama pembeni. Askari alikuja, akalizunguka hema lililobadilika rangi, akauliza ni nani aliyechagua mahali pale. Mama mkwe naye alikuwa amefika, amejifunga kanga puani, akisubiri jibu. Baba mkwe alijikung'uta koti, akaniwekea mkono begani.

"Vijana wa siku hizi," alisema kwa masikitiko, "wanapenda mno mandhari."

"Ndiyo, baba," nilijibu, na papo hapo nikaanza kukadiria mahari iliyobaki ipungue kwa kiasi gani.