Mishkaki ya kunywa: acheni nieleze mwenyewe

Haya. Najua wengi wenu mshaisikiliza ile voisi noti. Ya dakika 4 na kitu, ya Fundi, anacheka mpaka anakohoa halafu anasema "mgosi katupikia mishkaki ya kunywa, kila mtu na mrija wake." Imezunguka Ngamiani yote hapa Tanga, imefika Makorora, imevuka maji mpaka Pemba, maana jana shemeji yangu wa Wete kapiga simu ananiulizia hali kwa ile sauti ya kumuulizia mgonjwa. Sasa naandika hapa mara moja na sirudii: habari ya mrija ni uongo. Ilikuwa vijiko.

Tuanze na ng'ombe.

Pale kijiweni kwetu kwenye kahawa tuna mtindo wa kuchangia ng'ombe. Watu 7, fahali anatoka Handeni, anachinjwa, tunagawana mafungu 7, na ukipiga hesabu unakuta umepata nyama kwa bei ambayo buchani utakatiwa mapupu. Safari hii mwenzetu mmoja kakosa hela dakika ya mwisho, watu wanakuna vichwa, na mie kwa kiherehere changu nikasema fungu lake niwekeeni mie. Wakanipigia makofi. Jamani makofi yanaponza. Nikarudi nyumbani na kilo 36 kwenye baiskeli, gunia moja kwenye karia na jingine nimelining'iniza kwenye usukani, paka wa barabara ya 9 mpaka ya 14 wananisindikiza kama bwana harusi.

Sasa friza. Friza la pale nyumbani sio langu. Mama watoto ndo kalinunua kwa hela ya kikoba, ana biashara yake ya barafu za ubuyu na ukwaju, wateja wake watoto wa shule asubuhi na wa madrasa jioni, na mie kwenye lile friza nina haki ya chupa moja ya maji basi. Siku hiyo hayupo, kaenda msibani Pongwe. Nikazisukuma barafu zake pembeni nikashindilia kilo 36 zote kwa mkupuo, nyama ya vuguvugu, bado inacheza, nikafunga mlango kwa goti.

Wanaojua mafriza washajua kilichotokea. Lilinguruma usiku kucha kama lori la mkonge linapanda mlima, halikugandisha kitu mpaka karibu na alfajiri, na barafu za watu zikayeyuka zikaganda upya zimepinda, zina harufu ya buchani. Mama watoto akafungua. Akafunga. Akafungua tena. Hakupiga kelele, na nyie mliooa mnajua hiyo ndo mbaya zaidi. Kasema tu, "Baba watoto, Jumamosi usiku nalitaka friza langu." Lile "langu" kalivuta kidogo.

Kwa hiyo nikawa na siku 6 za kumaliza ng'ombe.

Wiki yenyewe sitaielezea sana. Jumatatu nilikuta nyama yote imeshikana donge moja kama jiwe la kusagia, maana sikuikata wala kuifunga vifurushi (fungeni vifurushi vya mlo mmoja mmoja, tena bapa bapa, mtanikumbuka), nikapiga panga, nikapiga nyundo, mwisho nimelitia pande zima sufuriani limesimama nje nusu kama kisiwa, supu ikaiva saa 4 usiku watu washalala. Jumanne pilau. Jumatano mchuzi wa nazi na bamia. Alhamisi sambusa, nilizifunga mwenyewe, zilipoingia kwenye mafuta zikafunguka zote kwa pamoja kama zimeitwa. Mtoto wa mwisho akaniuliza kwa adabu kabisa, "Baba, kwani dagaa wameisha baharini?"

Na tatizo halikuwa wingi tu. Ile nyama ilikuwa ngumu. Yule fahali alikuwa mtu mzima, mie naamini alishuhudia uhuru. Pilau moja ilimaliza robo ya mtungi wa gesi na bado unatafuna mpaka sikio linauma. Bado kilo 17 ziko ndani, Jumamosi hiyo inakuja.

Hapo ndo nikapata wazo la mishkaki. Nawaita kijiwe kizima, nakata kilo 6 kwa mpigo, nyama inaisha, heshima inarudi. Fundi, huyu huyu wa voisi noti, yeye ni fundi baiskeli, akajitolea spoku 40 mpya kabisa za kuchomea. Kumbukeni hilo mkimsikiliza anavyocheka: spoku zilikuwa zake.

Nikaenda kwa bibi jirani kuomba ushauri juu ya ugumu. Bibi hata hakuinua macho kwenye ukili wake. Akasema, "Tia papai bichi. Lisage na ganda lake, ule utomvu ndo unaokula nyama. Kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, saa moja, choma." Nikashukuru nikaondoka. Akaniita tena nikiwa mlangoni. "Saa moja, mwanangu. Usilaze."

Nataka muelewe akili yangu ilivyofanya kazi, kwa sababu wakati ule iliniona niko sahihi kabisa. Kama kijiko kimoja kinalainisha ng'ombe wa kawaida, huyu aliyeshuhudia uhuru si anataka zaidi? Na kama saa moja inatosha, si usiku mzima itakuwa kama halua? Nikachuma papai kwenye mpapai wetu wa nyuma, kubwa la kama kilo na nusu, nikasaga lote na ganda lake. Halafu nikaona tangawizi nayo inalainisha, nikatia. Nikaona nanasi nalo linalainisha, nikatia. Kitunguu thaumu, ndimu, mtindi, pilipili mbuzi, bizari, chumvi. Nikaichanganya kwa mikono miwili mpaka vidole vikaanza kuwasha. Vidole vyangu mwenyewe vinaliwa na bado sikupata ujumbe! Ijumaa saa 2 usiku nikaiweka kwenye friji dogo nikaenda kulala na amani.

Jumamosi saa 10 jioni natunga kwenye spoku nikaona mbona inaingia kirahisi hivi. Nikafurahi. Nikasema hii ndo laini yenyewe. Spoku inapita kama unachoma ndizi iliyoiva. Nyie endeleeni tu kucheka.

Watu wakaja, kama 11 hivi, mabenchi uani, kachumbari tayari, ukwaju tayari, mkaa umeiva mwekundu. Na hapo, kwa sababu Mungu akitaka kukuonyesha anakuonyesha na mashahidi, akaingia baba mkwe. Katoka Muheza kwenye harusi ya watu Chumbageni, kapita kutusalimia, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka ina kona, kofia ya kazi ya mkono, gunia la machungwa mkononi. "Shikamoo baba." "Marahaba, marahaba, nasikia harufu nzuri." Nikamtolea kiti cha plastiki chenye mgongo, nikakiweka karibu na jiko ili aone mkwe wake anavyochoma.

Nikapanga spoku 8 za kwanza. Zikalia tssss. Harufu ikapanda, na harufu kwa kweli ilikuwa nzuri, hilo hata Fundi kalikubali kwenye dakika ya pili. Nikapepea kwa kipepeo mara tatu. Nikaishika spoku ya kwanza niigeuze.

Ikaja nyepesi.

Nikaiangalia. Vipande sita, juu yake viko vizuri kabisa, vimepiga rangi. Ila chini vimebaki na waya wa jiko. Yaani vilikuwa vinajinyoosha, taratibu, kama mlenda unavyofuata mwiko, kila kipande kinashuka na kamkia kake. Cha kwanza kikaachia, pwaa, kwenye mkaa. Moto ukaruka. Cha pili kikakifuata cha kwanza. Nikaiacha hiyo nikakimbilia spoku ya pili, ya pili hivyo hivyo, ya tatu nilipoigusa tu ikabaki spoku tupu, safi, inang'aa, kama imetoka dukani. Uani kimya. Kinasikika mkaa tu unakula nyama yangu. Nikasikia sauti ya Fundi nyuma, pole pole: "Angalau spoku zimerudi nzima."

Ikabaki spoku moja. Pembeni kabisa, kwenye moto mdogo, vipande sita vimeshikilia. Nikaona hii, hii ni ya mzee. Nikaibandua kwa kisu chini yake, milimita kwa milimita, nikaibeba kwa mikono miwili imelala, natembea kama nimebeba mtoto mchanga wa mtu mwingine. Watu 11 wanageuza vichwa kunifuata. Ni hatua kama nne tu kutoka jikoni mpaka kwenye kiti lakini mie nakuambia nimezeeka njiani.

Nikampa. Ningemwambia ale imelala hivyo hivyo. Kwa nini sikumwambia? Mpaka leo najiuliza. Baba mkwe akaipokea kwa mkono wa kulia, akasema bismillah, na kama anavyokula mishkaki binadamu yeyote toka dunia iumbwe, akaiinua, ncha kwenye mdomo, mkono chini.

Kipande cha juu kikaanza kuteleza. Kikakigonga cha pili. Viwili vikagonga cha tatu, wote wakaungana wakashuka na ile spoku kama mabehewa yameachiwa kwenye mteremko, wakapita kwenye vidole vya mzee, wakaingia kwenye mkono wa kanzu. Sita wote. Nilikuwa nawaona wanavyotembea, kwa sababu kila walipopita kanzu ilitoa doa la manjano kwa ndani, kwanza kwenye kifundo, halafu katikati, halafu kitu kikasimama kama uvimbe.

Mzee hakupiga kelele. Kaangalia spoku tupu. Kaangalia mkono. Halafu akaniangalia mie, akaniuliza kwa sauti ya chini ya watu wa Muheza wenye subira, "Mwanangu. Nyama hii yaenda wapi?"

Nami, sijui shetani gani kanipitia, nikamjibu kama naulizwa njia: "Imefika kwenye kiwiko, baba."

Hapo ndo Fundi akaanguka na benchi.

Yaliyofuata ni mbio tu. Nyama ilikuwa ya moto, mzee akanyanyuka anakung'uta, mwingine analeta maji, mwingine analeta chumvi sijui ya nini, mama watoto akaingia kutoka kupeleka barafu akamkuta baba yake kavua kanzu yuko na fulana na msuli, mie nimeshika kipepeo nampepea kiwiko. Hakuuliza. Alichukua beseni lililobaki, nyama ambayo haijachomwa ilikuwa imeshakuwa kama uji wa ulezi, akaimimina kwenye sufuria na tui la kwanza, akaisonga kwa mwiko kama bokoboko, robo saa imeiva, maana hamna kilichobaki cha kuivisha. Tukala na boflo. Vijiko, narudia. Mwenye picha ya mrija ailete hapa hapa.

Kanzu imefuliwa mara tatu, bizari haijatoka. Friza limerudi kwa mwenyewe Jumamosi ile ile usiku, kilo 11 zilizobaki kazigawa mtaa mzima kwa dakika 20, jambo ambalo, ukiniuliza mie, lingeweza kufanyika Jumapili ya kwanza. Bibi jirani kapelekewa kilo mbili, akauliza swali moja tu, "Ulilaza?" Sikujibu, nikajifanya nafukuza kuku.

Halafu leo mchana kondakta wa kosta ya Muheza kapiga simu kuna mzigo wangu stendi. Nimeenda na baiskeli. Mfuko wa salfeti, umefungwa kwa kamba ya katani, ndani mapapai matatu mabichi, makubwa, na karatasi ya daftari yenye mwandiko wa baba mkwe: "Kwa mkwe wangu. Nitapita tena Jumamosi."

Mzee wangu huyu ana meno manne, na nilivyomuona siku ile alirudia sahani mara mbili. Sasa nimeyapanga hapa mezani nayaangalia, na mpaka naandika hii sijui ni dongo au ni oda.