Siku ya pamoja ya kupima magari Tabora: inafaa, ila kwa sharti

Miongoni mwa wapenda magari wa Tabora linazungumzwa wazo la kuchangishana fedha ili kukodi dainamomita, yaani mashine ya kupimia nguvu za gari, ya kubebwa kwenye trela kutoka Dar es Salaam, na kupima magari yao kwa siku moja. Hoja yao kuu ni gharama. Kusafirisha mashine hiyo zaidi ya kilomita 800 kwa ajili ya gari moja ni kutupa fedha, lakini magari ishirini yakigawana usafiri na ujira wa fundi, hata mwenye Mark II ya kutembelea mjini anaweza kumudu mchango wake. Hilo halina ubishi. Ubishi upo katika kile ambacho watu wanatarajia kuondoka nacho.

Katika kipimo cha namna hii, gari hupandishwa juu ya rola na kufungwa mikanda mbele na nyuma, feni kubwa ikaelekezwa kwenye rejeta, kisha fundi hukanyaga mafuta hadi mwisho akiwa katika gia moja, mara nyingi ya nne, kuanzia mizunguko 2,000 hivi kwa dakika hadi mshale unapokaribia mstari mwekundu. Kompyuta huchora nguvu za farasi na nguvu ya mzunguko, na sensa inayochomekwa kwenye ekzosi huonyesha uwiano wa hewa na petroli. Mchoro huo wa mwisho, ambao wengi hawauangalii, ndio ninaouthamini zaidi. Injini ya petroli inayovuta kwa nguvu zote kwa kawaida huhitaji sehemu 12 hadi 13 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta. Uwiano ukipanda kuelekea 15 wakati pedali iko chini kabisa, huenda pampu imechoka au nozeli zimeziba, na pistoni ziko hatarini kuungua. Kwa gari lililonunuliwa mtumba kutoka Japani bila kumbukumbu za matengenezo, taarifa hiyo ina thamani kubwa, na ni vigumu kuipata kwa kupima gari likiwa limesimama gereji likiunguruma polepole.

Namba za nguvu ni habari nyingine. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni pungufu kwa asilimia 12 au 13 hivi kuliko la pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Mark II yenye injini ya 1G-FE ya toleo la VVT-i (la kuanzia 1998) iliandikwa kiwandani kuwa na nguvu za farasi 160, lakini namba hiyo hupimwa kwenye injini yenyewe. Ukiondoa athari ya mwinuko, kisha kinachopotea kwenye gia na difu, magurudumu yakisoma 115 au 120 gari halina ugonjwa wowote. Mwenye gari asiyeelezwa hivyo mapema atarudi nyumbani akimlaumu fundi wake.

Ili kuondoa tofauti inayoletwa na mwinuko, programu za dainamomita hukuza namba kwa masahihisho ya hali ya hewa, na hapo ndipo penye mtego mkubwa zaidi. Masahihisho ya kawaida yalibuniwa kwa injini zinazovuta hewa zenyewe. Turbo, kwa sehemu kubwa, hufidia upungufu wa hewa kwa kuzunguka kasi zaidi na kuisukuma hewa zaidi, kwa hiyo Subaru yenye turbo ikiongezewa zaidi ya asilimia 10 kwa kisingizio cha mwinuko, inapewa nguvu ambazo haijawahi kuwa nazo. Ubao wa matokeo unaopanga Mark II na Subaru hiyo kwa namba zilizosahihishwa utakuwa unasema uongo mbele ya watu wote.

Wanaopinga wazo hili wana hofu ya aina nyingine: kwamba mashindano ya namba yatawasukuma vijana kutoa masega (visafishio vya moshi ndani ya ekzosi), kuongeza msukumo wa turbo kiholela, kisha kwenda kuhakikisha matokeo kwenye barabara ya Nzega. Hofu hiyo siidharau, ingawa wanaotaka kujua uwezo wa magari yao tayari wanaujaribu barabarani, ambako hakuna mikanda wala kizima moto. Kinachochochea ushindani si mashine bali ubao wa washindi, na ubao unaweza kuachwa.

Kwa maoni yangu siku hiyo ifanyike, kila gari lipimwe mara tatu, mwenyewe akabidhiwe michoro yake bila kutangazwa, na namba ghafi zichapwe pamoja na zile zilizosahihishwa. Tairi zilizozeeka au zenye nyufa zikataliwe getini bila majadiliano. Magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne yasisajiliwe hadi ithibitishwe kwamba mashine inayokuja ina rola za mbele na za nyuma, na mashine iwekwe mahali pa wazi, kwa sababu moshi wa magari ishirini ndani ya banda lililofungwa ni sumu.