Wifi, Weka Mkasi Chini

Kusuka nina watu. Siku ya kusuka simu yangu haipumui: huyu ana picha ya mtindo mpya, yule anamjua msusi mwenye mkono mwepesi, wa tatu anataka kunisindikiza ili aone tu. Siku ya kufumua, ulimwengu mzima una udhuru. Huyu mgongo. Yule mtoto kaamka na homa. Wa tatu hapatikani kwa sasa, na yule dada wa kwenye simu anayenipa habari hiyo ana sauti ya mtu ambaye kichwa chake kimeshasukwa na hana shida na mtu.

Na baba watoto, aliyekuwa akikisifia kichwa hiki mbele ya wageni, akiniona tu nimeshika chanuo la mkia anakumbuka kuna mgonjwa hajamjulia hali. Leo kabla ya kutoka ameniachia ushauri. "Si uzivute tu zote kwa pamoja?" Amesema hivyo akihangaika na kiatu ambacho fundo la kamba yake limemshinda, akakivaa hivyohivyo kwa kukanyaga kisigino. Sikumjibu. Mtu mzima hujibu kwa macho.

Mtoto wa kwanza ana mtihani. Wa pili amefumua rasta moja, akadai malipo. Wa mwisho ameokota nywele zilizodondoka, akajitengenezea ndevu, na tangu hapo anataka aitwe babu.

Nikabaki na kioo changu juu ya kigoda. Rasta zenyewe ndogondogo, kwa sababu msusi alitangaza kwamba kubwa zinanizeesha, na msusi akishatangaza hakuna rufaa. Kusuka walikuwa wawili, mmoja kila upande, wakipitishiana umbea juu ya utosi wangu bila hata kunishirikisha. Kufumua ni mimi na vidole vyangu. Na sote tunaijua ile hesabu: wiki sita, mno mno nane, zitoke. Tunaijua, na tunaitafutia uchochoro. Wiki ya nane ina shughuli ya watu, huwezi kwenda na kichwa kitupu. Ya tisa una uchovu. Ya kumi unafunga kilemba na kuwaambia watu kwamba siku hizi unapenda vilemba.

Nilikuwa nimefika nusu. Wanaoijua nusu wanaijua. Upande mmoja rasta zimelala kwa adabu, upande wa pili nywele zangu zimesimama kama darasa lililoingiliwa na mwalimu mkuu. Mlango ukagongwa. Katika hali ile mlango haufunguliwi, hata agonge anayekuletea pesa. Lakini babu na ndevu zake akakimbia akafungua, na aliyeingia ni wifi yangu.

Wifi yangu ni mtu wa msaada. Hapo ndipo shida ilipo.

"Hee, wifi! Mbona hukuniita?"

"Karibu, wifi. Kaa kwanza."

Hakukaa. Alivua viatu, akapandisha mikono ya gauni, na kabla sijamwuliza habari za kwake alikuwa ameshaufikia mkebe wa sindano na kutoka na mkasi. Si mkasi mdogo. Ule wa kitambaa.

"Usiteseke, wifi yangu. Nakata hapa, zinadondoka, tunamaliza."

"Hapa wapi?"

"Hapa." Akanigusa karibu na sikio.

Nikainuka. Niliinuka kwa heshima zote, huku mkono mmoja nimefunika kichwa, nikamwambia wifi, weka mkasi chini tuzungumze. Kukata si dhambi. Hata mimi hukata, maana kufumua rasta ya urefu wote kutoka kiunoni hadi kwenye ngozi ni adhabu isiyo na kosa. Lakini unakata chini ya mahali nywele zako zinapoishia, na swali la maana ni zinaishia wapi. Zimo humo ndani, zimesukwa pamoja na za bandia, rangi moja, na tangu zisukwe zimeongezeka. Nywele hukua sentimita moja na kidogo kwa mwezi, kwa hiyo hata kile kipimo unachokikumbuka cha siku ya kusuka kimeshapitwa.

"Mimi naona kwa jicho," akasema.

Jicho hilo nalijua. Ndilo lililopima pazia la sebuleni kwangu, na mpaka leo wapita njia wanatuona kuanzia magotini.

Basi tukafanya kama watu wenye akili. Nikafumua moja ya utosini mpaka mwisho, moja ya kisogoni, moja ya panjani. Ya utosini ndefu, ya kisogoni ya kati, ya panjani hata aibu kuitaja. Nikamwonyesha: unaiona tofauti hii? Tunafuata iliyo ndefu kuliko zote, tunashuka vidole vinne chini yake, ndipo mkasi unaruhusiwa kupumua. Akasema naringa. Akakata. Nilikuwa nimefumba macho, na kila "kacha" nilihesabu kuwa ni mwaka wangu mmoja unaondoka.

Mkasi ukarudi kwenye mkebe, nikadhani tumevuka. Wifi akaanza kufumua kwa kasi ya mtu anayefukuzia basi, akafika kwenye shina, akapiga kelele.

"Wifi! Una nini huku?!"

Utando, wifi. Ule mkanda wa kijivu kwenye shina la kila rasta, ambao kila mwanamke aliyewahi kusuka anao na kila mmoja anaapa kuuona kwa mwenzake tu. Vumbi, jasho, mba, mafuta, na ile jeli ya kusukia ambayo msusi hupaka bila huruma. Vyote hivyo vimekaa pale pale vikishikana na nywele zilizotoka zenyewe. Si uchafu wangu. Ni uchafu wa ratiba.

"Twende bafuni tukaoshe," akasema, na alikuwa ameshanishika mkono.

Hapa ndipo heshima yangu ilipopungua kidogo. Nilimwambia, kwa sauti ambayo majirani wameisikia na kesho wataiulizia, kwamba maji hayagusi kichwa hiki kabla utando huo haujatoka na nywele hazijachanwa. Ukimwagia maji sasa, zile zilizotoka zinajikaza kwenye zilizobaki, unapata fundo ambalo dawa yake ni ule mkasi wako. Unapaka kondishena au mafuta pale penye utando, unasubiri, unaupasua kwa vidole taratibu kutoka pembeni, unatoka kama uzi. Kisha chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kupanda kwenye shina, fungu kwa fungu. Huanzi kwenye shina ukashuka kwa nguvu, maana ukianza juu unasukuma mafundo yote yakutane chini kwenye mkutano wa hadhara.

"Mimi huwa naosha tu," akanung'unika. Kilemba chake alikuwa amekikaza mpaka nyusi zimepanda. Sikulitilia maanani wakati ule.

Tukachana. Nywele zikaanza kutoka na chanuo. Kidonge kidogo, kidonge kikubwa, kidonge cha ukubwa wa paka mchanga. Wifi akanyamaza. Kunyamaza kwake si kwa kawaida, na kweli, nilipogeuka alikuwa ameshampigia mama mkwe simu.

"Mama, wifi ananyonyoka."

Mama mkwe, Mungu amweke, hapokei habari nusu. Akataka kujua tangu lini. Akataka kujua nakula nini. Akauliza kama kuna mtu niliyegombana naye karibuni, na wifi akanitazama, akasema, "Ngoja nimwulize." Simu ikawekwa spika. Upande wa pili nikasikia maombi yameanza, na jina langu limo, na limetanguliwa na neno "marehemu" kwa bahati mbaya, kisha likarekebishwa.

Nikaiomba simu. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Unajisikiaje?"

Nikamweleza, kwa utaratibu, na nusu ya kichwa changu. Mtu mzima mwenye afya hudondosha nywele kati ya 50 na 100 kila siku. Siku za kawaida zinakwenda na chanuo, na mto, na upepo, hakuna anayezifanyia msiba. Zikiwa zimesukwa hazina pa kwenda. Hata tuseme wiki nane tu, ni siku 56. Kwa 50 ni 2,800. Kwa 100 ni 5,600. Hizo ndizo alizozishika binti yako hapa akitetemeka. Nikachukua unywele mmoja nikauinua kwenye taa, na wifi akasogea, nikamwonyesha kile kinundu cheupe kwenye ncha moja. Wenye kinundu umetoka na shina lake, wakati wake umefika, tunauaga. Usio na kinundu, mfupi, huo umekatika njiani, na aliyeukata tutamjadili.

Wifi akachunguza vya kutosha. Akapata vipande vifupi kadhaa kwenye chanuo lake mwenyewe. Akavipulizia chini ya kochi.

"Na panja je?" akauliza mama mkwe kwenye simu.

Mama huyo hajawahi kukosea pa kugusa. Nikajibu panja ziko, mama. Hazipo. Zipo kwa maana ya kwamba mahali pake papo. Na hapa naomba nisitanie kidogo, maana nimechoka. Nimechoka kukaa kwenye kiti machozi yananitoka nikimwambia mtu inakaza, naye ananijibu vumilia, ikikaza ndiyo inadumu. Inadumu nini? Usiku silali, nageuza shingo pamoja na mabega, asubuhi vipele vimepanga mstari kwenye paji, na mimi huyohuyo naambiwa nimependeza. Nywele zikivutwa hivyo kwa muda mrefu zinaanza kutoka pembezoni, na madaktari wa ngozi wanalijua tatizo hilo na wanalitenga na magonjwa mengine ya kunyonyoka. Ukiwahi kuacha kuvuta, zinarudi. Ukiendelea, shina linageuka kovu, na juu ya kovu hakuna mafuta yatakayoota kitu, hata chupa iwe na picha ya msichana mwenye nywele mpaka magotini. Msusi anayajua haya. Anayajua! Ndiyo maana kwake mwenyewe anasuka kwa kulegeza.

Mama mkwe akasema pole, mwanangu. Akakata simu. Nadhani anampigia dada yake.

Tukaendelea kimya kimya. Mpaka wifi akasema, kwa sauti ya pembeni, ile ya mtu anayeulizia kwa niaba ya rafiki: "Wifi, na mtu akiwa amebandika kwa gundi?"

Kumbe.

Kilemba kikafunguliwa. Sitasema nilichokiona, ni mtu wa mumewe. Ila alikuwa amebandika wiving, zile nywele bandia zilizoshonwa kwenye mstari, kwa gundi mwenyewe, usiku, kwa kutazama video, na ameanza kuivuta leo asubuhi, akafika mahali akaona vema aje kunisaidia mimi. Mwanamke ambaye saa moja tu iliyopita alitaka kunikata sikioni, sasa kidole changu hakijamfikia analia, "Polepole! Wifi, polepole!"

Gundi haivutwi, nikamwambia, na nilifurahia kumwambia. Inalainishwa kwa mafuta au kondishena nzito, au dawa ya kutolea gundi iliyotengenezwa kwa gundi ya aina hiyo, unaacha ikae, unasubiri mpaka mstari uteleze wenyewe. Usipoteleza, unapaka tena. Aliyeshonewa wiving kwa nyuzi anakata uzi, tena ule tu anaouona kwa macho. Aliyefungiwa nywele bandia kwa vipete anabana kipete kwa koleo yake mpaka kifunguke. Na wale waliobandikiwa nywele kwa tepu au kwa vidonge vya keratini, ile gundi ya kuyeyushwa, hao warudi kwa aliyewaweka, awayeyushie kwa dawa yake, kwani pesa yake ameshaila.

Akaniuliza kesho tusuke nini. Nikamtazama. Nikamwambia tunaosha, tunapaka kondishena, tunapunguza ncha zilizochakaa, halafu kichwa kinakaa wiki mbili kikiona jua. Akasema wiki mbili atavaa nini. Nikamwonyesha kilemba chake.

Sasa amelala kwenye kochi langu na mafuta kichwani, na kochi lile ni la kitambaa, na mimi bado nina robo ya kichwa. Nywele bandia zimejaa mfuko mzima na hakuna anayejua zitupwe wapi, maana ni plastiki, haziozi, nikizifukia zitanizika mimi. Zimeingia kwenye zulia, kwenye soksi, kwenye feni. Baba watoto amerudi kutoka kwa mgonjwa wake, ametoa uzi mrefu kwenye kikombe cha chai, ameutazama, akanywa. Huyo sasa ni mume.

Ila chanuo la meno mapana silioni. Lilikuwa hapa. Kila nikinunua chanuo katika nyumba hii linaondoka, na nikiuliza hakuna aliyeligusa, ilhali wote hawa vichwa vyao vimenyolewa mpaka ngozi inang'aa. Juzi nimelikuta moja limewekwa chini ya mguu wa meza isiyumbe. Jingine baba yao analitumia kukunia mgongo, na alipoona nimemwona akasema alikuwa anaanua nguo.