Shekeli 17 za Yeremia

Wahubiri wengi wanapotaka kutufundisha imani hukimbilia kwa Eliya na moto wa mlima Karmeli, au kwa Danieli na tundu la simba, na sina ugomvi na masimulizi hayo. Mimi, hata hivyo, naona kwamba somo gumu kuliko yote kuhusu utii limo katika Yeremia sura ya 32, ambamo hakuna muujiza hata mmoja: kuna mfungwa, binamu yake, fedha kwenye mizani na hati ya shamba.

Ulikuwa mwaka wa 10 wa kutawala kwake Sedekia, mfalme wa Yuda. Jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, lilikuwa limeuzingira Yerusalemu, naye Yeremia alikuwa amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kosa la kutangaza kwamba mji utatekwa. Huko ndiko Hanameli, mwana wa Shalumu ami yake, alikomfuata na kumtaka anunue shamba lililoko Anathothi, kwa kuwa haki ya kulikomboa ilikuwa ya ndugu wa karibu. Anathothi kilikuwa kijiji cha Benyamini, kilomita chache tu kaskazini-mashariki ya Yerusalemu, yaani nje kabisa ya kuta zilizozingirwa. Tena ni kijiji alikozaliwa Yeremia mwenyewe, ambacho watu wake waliwahi kumtishia kwamba wangemwua asipoacha kutabiri. Kwa hesabu ya mfanyabiashara yeyote, ile ilikuwa hasara iliyopewa jina la shamba.

Lakini Mungu alikuwa amemwagiza anunue, naye alilipa. Alitia sahihi, akapiga muhuri, akaita mashahidi, akapima shekeli 17 za fedha, uzito unaokaribia gramu 200, kisha mbele ya Wayahudi walioketi uwandani akamkabidhi karani wake, Baruku mwana wa Neria, hati zote mbili, iliyopigwa muhuri na iliyo wazi, ziwekwe katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Yeyote miongoni mwetu aliyewahi kununua ardhi, akahangaika na mashahidi na muhuri wa serikali ya mtaa, anajua kwamba mtu hayafanyi hayo kwa mzaha, na kwamba mwandishi aliyeorodhesha kila hatua alitaka tuone kuwa utii wa nabii ulikuwa kamili hata katika makaratasi.

Linalonivutia zaidi ni kwamba swali lake lilikuja baada ya hati kukabidhiwa. Ndipo alipoomba, akaanza kwa kukiri kwamba hakuna neno lililo gumu kwa Mungu, akamaliza kwa mshangao ambao haukufichwa: maboma ya adui yamefika mjini, nawe waniambia ninunue shamba? Mungu hakumkemea. Alichukua maneno yaleyale ya ukiri wake na kumrudishia yakiwa swali, je, kuna neno gumu nisiloliweza? Wanaodai kwamba mwenye imani haulizi hawajaisoma sala hii mpaka mwisho.

Huwezi kuielewa sura hii bila kurudi nyuma hadi ya 28, kwa Hanania mwana wa Azuri. Huyo aliwatangazia watu hekaluni kwamba katika muda wa miaka 2 vyombo vya nyumba ya Bwana vingerudishwa kutoka Babeli, na bila shaka aliwafurahisha. Yeremia alimpinga, na katika barua yake kwa waliohamishwa Babeli akataja miaka 70 ya kungoja. Kwa hiyo aliyekuwa akiitwa mvunja moyo ndiye aliyetoa fedha yake kwa ajili ya kesho ya nchi ileile, ilhali ahadi ya Hanania haikumgharimu hata senti.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mahubiri ya kupanda mbegu ambayo yameenea sana katika makanisa yetu, ambamo muumini huambiwa atoe leo ili avune kabla mwaka haujaisha. Shekeli zile 17 hazikumrudishia Yeremia chochote. Mji ulianguka, naye baadaye akachukuliwa kwa nguvu mpaka Misri pamoja na mabaki ya watu wake, na Biblia haisemi popote kwamba alivuna hata punje moja Anathothi. Waliorudi walikuwa wengine: Ezra sura ya 2, katika orodha ya waliotoka uhamishoni, inataja watu 128 wa Anathothi.

Ningependa wahubiri wanaoita sadaka kuwa ni mtaji wasome sura ya 28 na ya 32 kwa mfululizo, mbele ya waumini wao, kisha waeleze ni yupi kati ya manabii hao wawili wanayemfuata.