Imeili ya mtego ofisini: tunafundishana au tunaviziana?

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Mtanzania gani hajawahi kupata hiyo meseji? Na hakuna aliyetukalisha darasani kutufundisha kuitambua, tumefundishana wenyewe tu, shangazi kalizwa laki mbili, habari ikaenda grupu la familia, kesho yake hata bibi anajua. Ila bado inanasa watu mpaka leo, na si kwamba ni wajinga, ni kwamba siku hiyo mtu kweli alikuwa anasubiri namba ya mwenye nyumba atume kodi, meseji ikaingia dakika ileile.

Nimeanza na hiyo makusudi, maana nikiangalia kozi za onlaini ambazo maofisi yananunua ili wafanyakazi watambue imeili za kitapeli (fishingi, kama watu wa IT wanavyoiita) naona nyingi zinafundisha kitu kingine kabisa. Slaidi arobaini, angalia makosa ya spelingi, angalia kama wamekuandikia "Mpendwa Mteja", maswali kumi, cheti. Siku hizi tapeli anaandikiwa na AI jamani, spelingi zake zimenyooka kuliko za HR.

Wanaozitetea wana hoja, tusiwabeze. Mwaka 2016 Benki Kuu ya Bangladesh ilipigwa dola milioni 81, na wachunguzi wa Marekani walisema wezi walianza kwa kutuma imeili za mtu anayejifanya anaomba kazi na ana CV yake. RSA, kampuni ya Marekani ambayo biashara yake ndo usalama wa kompyuta wenyewe, 2011 waliingiliwa kwa faili la Excel lililojifanya mpango wa ajira wa mwaka huo, na imeili ilishatupwa kwenye junki, mfanyakazi akaenda kuitoa hukohuko akaifungua. Sasa mtu huyo utamwachaje bila kumfundisha?

Shida ni kwamba wakipima wanakuta kidogo mno. Kule California, hospitali za chuo kikuu cha UC San Diego, watafiti walifuatilia wafanyakazi zaidi ya 19,500 kwa miezi 8, wakawatumia mitego 10 (imeili feki za kuwajaribu nani atakliki), waliopewa somo waliwazidi wasiopewa kwa kutonasa kwa asilimia 1.7 tu. Lile somo linalotokea ukishakliki, wengi hawakukaa nalo hata dakika, wanafunga wanaendelea na kazi. Waliomaliza somo la kujibu-jibu maswali walikuwa na nafuu, uwezekano wa kunasa ulipungua kwa asilimia 19, lakini hapo mi najiuliza, anayemaliza somo si ndo yuleyule ambaye ni makini tangu mwanzo?

Na hiyo mitego yenyewe ina gharama yake. Desemba 2020, katikati ya corona, GoDaddy waliwatumia wafanyakazi imeili ya bonasi ya sikukuu dola 650, waliojaza taarifa zao wakaambiwa mmefeli mtihani wa usalama. Kampuni ikaishia kuomba radhi. Mtetezi atasema tapeli naye hachagui la kukudanganyia, bonasi ataitumia vilevile, na ni kweli. Ila tapeli hategemei kwamba Jumatatu utamwamini, ofisi yako inategemea.

Ofisi moja niliyofanya kazi walituma mtego wa "mabadiliko ya mishahara", kisha majina ya waliokliki yakasomwa kwenye kikao. Dada wa uhasibu alinyamaza kikao kizima. Wiki mbili baadaye HR wakatuma fomu halali ya bima ya afya, hakuna aliyeifungua, ikabidi wapite meza kwa meza na makaratasi. Tulicheka, lakini kwangu kibaya zaidi ni kwamba baada ya kile kikao mtu akikliki kitu cha ajabu anazima kompyuta anakaa kimya, anaomba Mungu, wakati saa ile ya kwanza ndo IT wangeweza kubadilisha paswedi na kuokoa kitu.

Ndo maana utafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, mi naupenda zaidi. Walikaa miezi 15 kwenye kampuni moja na watu zaidi ya 14,000, wakakuta somo la baada ya kukliki halikusaidia, hata linaweza kuongeza kunasa, ila kitufe cha kuripoti imeili kilifanya kazi vizuri, watu waliendelea kuripoti bila kuchoka. Hapo ni kama ile namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, unamripoti tapeli na namba yake wengine wapone. Kwa hiyo ningepewa kutengeneza kozi mimi, robo tatu ya muda ingekuwa kuripoti, pamoja na kuripoti kosa lako mwenyewe bila kuogopa kikao.

Inayobaki ningeipeleka kwa wanaoshika hela, na kwao nisingefundisha kutambua, ningefundisha kuhakiki. Mfanyakazi wa Arup, kampuni ya wahandisi, kule Hong Kong mwaka 2024 alitambua! Alishtukia kabisa kwamba imeili ya muamala wa siri ni ya kitapeli, kisha akaitwa kwenye mkutano wa video, akaona sura za mabosi wake, zote feki, akatuma kama dola milioni 25. Jicho lake lilikuwa zuri, kilichokosekana ni utaratibu wa kumpigia bosi kwa namba anayoijua.

Utaratibu huo nao si bure. Yule dada wa uhasibu siku hizi, saplaya akituma imeili kwamba amebadilisha akaunti, halipi mpaka ampigie kwa namba ya kwenye faili la zamani. Mwezi uliopita saplaya alikuwa kweli amehamia benki nyingine, simu hakupokea siku mbili, mzigo ukakwama, na bosi akamfokea dada wa watu mbele ya ofisi nzima.