Usiniulize kama pazuri, niulize ningekaa wapi

Sebule yangu imepakwa rangi mara mbili ndani ya miezi minane, na rangi ya kwanza ilichaguliwa kwa kura ya ukoo mzima.

Nyumba yetu iko upande wa Bangwe, hapa Kigoma, na dirisha kubwa la sebule linatazama ziwa. Plasta ilipokamilika, Novemba, nilipiga picha ya ukuta nikaituma kwenye kundi la familia pamoja na rangi tatu: krimu, kijani cha majani machanga, na kijivu kilichokolea, kile kinachokaribia mkaa. Saa moja haikupita, majibu yakawa yamefika kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Kasulu, mpaka kwa binamu aliyeko Muscat. Kijivu kikashinda kwa mbali. Tukanunua ndoo mbili za lita 20, fundi akapiga mikono miwili, na asubuhi yake ukuta ulikuwa umetulia kama kitambaa kilichotoka kupigwa pasi.

Ikafika saa tisa alasiri. Huku kwetu jua huzama ziwani, nyuma ya milima ya Kongo, na kabla halijazama huingia ndani kabisa ya kila nyumba inayotazama magharibi. Likaupiga ukuta ule wa kijivu mpaka saa kumi na mbili. Saa mbili usiku niliweka kiganja ukutani, bado una joto kama sufuria iliyoepuliwa muda mfupi uliopita. Rangi iliyokolea hunywa joto, nyeupe hulirudisha. Hili nililisoma shule ya msingi. Katika kura zile zote hakuna aliyelitaja, kwa sababu hakuna aliyeulizwa dirisha limeelekea wapi. Niliuliza "ipi nzuri?" nao wakanijibu kwa haki. Kijivu ni kizuri. Lakini watoto wakahamisha michezo yao barazani, na chumba tulichokigharamia kuliko vyote kikawa cha kupitia tu kwenda jikoni.

Kuna wanaoniambia dawa ni kutouliza mtu, nyumba ni yako, paka unachotaka. Siafikiani nao hata kidogo. Nyumba ya hapa kwetu si ya watu wawili. Ndugu akiletwa hospitali kutoka Buhigwe anafikia kwako na mtu wa kumuuguza. Watoto wa kaka wakifunga shule wanalala sebuleni. Mwezi Februari tulifiwa na mzee wetu, na ndani ya saa mbili ilibidi sebule ibaki tupu ili akina mama wakae chini. Vijana walipojaribu kutoa meza yangu ya kioo, ile pana yenye miguu ya chuma, haikupita mlangoni. Fundi wa milango alikuwa ameshaweka fremu baada ya meza kuingia. Wakaisimamisha ubavu ukutani, ikafunikwa khanga, na usiku kucha kila mama aliyepita na mtoto alikuwa anaikwepa. Mimi nilikuwa jikoni nagawa chai, nikisikia kila mara, "Angalia kioo hapo." Watu wanaoitumia nyumba kwa namna hiyo wana haki ya kuulizwa. Na swali la kuwauliza ni hilo hasa: siku ya msiba au ya shughuli, hiki kitatokaje?

Shida nyingine ni adabu zetu, ambazo nazipenda na sitaki zife. Mgeni hawezi kuingia kwenye nyumba mpya akaanza kutoa kasoro. Atasema hongereni, atawaombea baraka, atasifu mapazia. Ukimwuliza "unaonaje?" umemfungia njia, kwa sababu jibu liko moja tu. Kwa hiyo nimejifunza kutomwuliza hivyo.

Aliyenifundisha ni shangazi yangu wa Ujiji, na wala hakukusudia. Alikuja Desemba kutuona. Akasema hongera mwanangu, nyumba nzuri, Mungu awape kuishi humo kwa amani. Akakaa kwenye kochi linalotazama dirisha. Baada ya dakika chache akainua mkono kukinga macho. Akahamia kochi la pembeni. Akajifuta shingo kwa upande wa khanga. Mwishoni akauliza kwa sauti ya chini kama tuna mkeka, akautandika kwenye korido, pale upepo unapopita kati ya mlango wa mbele na wa uani, akanyoosha miguu, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Nilimtazama tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakutamka neno baya juu ya sebule yangu, na alikuwa ameshaniambia kila kitu.

Nikamwuliza, "Shangazi, ingekuwa kwako, makochi haya ungeyaweka wapi?"

Akacheka, ulimi ukamfunguka. Kwanza, alisema, usipange vitu kwa jua la Desemba peke yake. Ukisimama hapa ukitazama ziwa, sasa hivi jua linazamia mkono wa kushoto. Ikifika Juni litakuwa limehamia mkono wa kulia, na kona hii unayoiona ina kivuli ndiyo itakayoungua. Nilikuwa nimeishi Kigoma maisha yangu yote, naliona jua lile likizama kila siku, sijawahi kulihesabu hivyo. Juni ilipofika nikahakikisha mwenyewe kwa macho yangu.

Yeye anaishi kwenye nyumba ya Kiswahili ya zamani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, baraza mbele chini ya upenu unaotoka mbali. Kuta zimepakwa chokaa, na chini, kiasi cha mita moja, kuna mkanda wa rangi ya damu ya mzee unaoizunguka nyumba yote. Utotoni nilidhani mkanda ule ni pambo. Ni wa kupokea matope. Mvua kubwa ikipiga udongo wetu mwekundu, matone huruka na kupaka ukuta, na mkanda unayameza bila kuonekana. Majirani zangu wawili wamejenga nyumba nyeupe mpaka chini kabisa, kama za kwenye picha, na kila ikifika Aprili zinaonekana zimevaa soksi nyekundu. Hata stesheni yetu ya reli, iliyojengwa wakati wa Wajerumani, ina matao yanayotangulia kupokea jua na mvua kabla ya vyumba. Waliotangulia kujenga hapa walilijua jua hili na udongo huu.

Basi ushauri una ngazi, naona. Binamu wa Muscat ana jicho zuri kuliko mimi, nguo zake tu zinaonyesha. Lakini hajafagia vumbi la Kigoma kwa miaka kumi na mbili. Kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake.

Jikoni ndiko nilikotenda kosa ambalo bado linaniuma, kwa sababu pale ushauri sahihi niliupata na nikaupuuza. Dada anayetusaidia kazi ndiye anayepika humo kutwa. Nilipoleta marumaru nyeupe za ukutani, muuzaji alikuwa ameniambia nyeupe hufanya jiko dogo lionekane kubwa, na ni kweli. Dada aliziangalia, akauliza katikati zitazibwa na nini. Nikamwambia saruji nyeupe. Akasema, "Mama, mawese je?"

Neno moja. Nikamjibu tutakuwa tunafuta.

Marumaru yenyewe inafutika, ni kweli. Lakini mgebuka, samaki wetu wa ziwani, ukitumbukizwa kwenye mawese ya moto, matone madogo huruka mpaka usawa wa macho, yakateleza polepole juu ya marumaru na kusimama kwenye mstari wa saruji. Pale yananyweka. Mwanzo ni alama ya njano kama unga wa manjano, baada ya mwezi inakuwa rangi ya machungwa iliyoiva. Bakuli la plastiki likishika mawese tunaanika juani, doa linafifia lenyewe. Ukuta utauanika wapi? Dada anasugua mistari ile kwa mswaki kila Jumamosi. Ningemsikiliza, saruji ya kuzibia ingekuwa ya kijivu au ya udongo, kwa bei ileile. Mtu anayefanya kazi ndani ya chumba ndiye mwenye chumba, awe analipwa mshahara au ana hati ya kiwanja.

Kwa fundi rangi pia nimebadili swali. Ukimwuliza rangi gani nzuri atakutajia aliyoipaka wiki iliyopita. Safari hii nilimwuliza, "Ni nyumba ipi uliitwa kurudia, na kwa nini?" Tukakaa nusu saa. Akanieleza juu ya nyumba aliyoipaka masika, mwenyewe ana haraka ya kuhamia, plasta haijamaliza hata wiki mbili. Unyevu ukatafuta njia ya kutokea, chumvi ikatoka nyeupe, rangi ikabanduka magamba. Plasta mpya, alisema, ipe mwezi wa kukauka, na mvua zikiwa nyingi iongezee. Akaniambia pia rangi inayong'aa hufutika vizuri kwa maji, lakini hufichua kila bonde la plasta taa ikiwashwa. Hayo yote alikuwa nayo kichwani mwaka jana. Sikumwuliza.

Na nimeacha kuchagua kwa picha. Simu hubadilisha rangi, na rangi mbichi si rangi kavu. Tulinunua lita moja moja, tukapaka vipande vya upana wa mikono miwili kwenye kuta mbili, tukaviacha siku nne. Krimu moja, tamu sana asubuhi, ikawa ya manjano kabisa chini ya taa ya usiku. Tukachukua ile nyingine, iliyo karibu na maziwa. Kochi likahama, pazia la pili zito likaongezwa, na siku hizi watoto wanachezea ndani tena.

Kimebaki chumba cha mama mkwe. Anashuka kwenye basi la kutoka Kibondo Jumamosi, na safari hii anakuja kukaa. Ukutani kuna vipande viwili vya rangi vimeshakauka, kitanda bado kimeegemezwa koridoni. Nitamwekea humo kiti na mkeka tu, niache mlango wazi, nione atavisogeza wapi. Fundi nimemwambia aje Jumatano.