Mwenye Imani Kali Si Adui wa Jirani

Huku Masasi na Newala, ukitaka uonekane mpenda amani, unatarajiwa useme dini zote ni sawa. Sheikh anayeshikilia kuwa Muhammad ndiye Mtume wa mwisho, au mchungaji asiyeona njia nyingine ila Yesu, anahesabiwa mchochezi. Naona tunawaonea.

Tuwaangalie Wamormoni wa Marekani, ambao mpaka leo wanaamini kanisa lao ndilo la kweli pekee. Machi 1841, baraza la mji wao wa Nauvoo, Illinois, ambamo nabii wao Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, alikuwa diwani, lilipitisha sheria ya kuwapa watu wa madhehebu yote uhuru sawa. Wakatajwa Wakatoliki, Wamethodisti, Wabaptisti, na Waislamu pia. Waislamu! Katika mji usio na msikiti, ambako hapakuwa na kura ya Mwislamu ya kutafutwa. Tena sheria ilikuwa na meno: ukimkejeli mtu kwa dini yake, au ukivuruga ibada, faini hadi dola 500 au kifungo hadi miezi 6. Watu hawa walikuwa wametimuliwa Missouri, ambako mwaka 1838 gavana aliamuru waangamizwe au wafukuzwe. Wangeweza kujifungia wenyewe kwa wenyewe, na nani angewalaumu?

Mwaka 1978 viongozi wao wakuu wakatamka kuwa Muhammad ni miongoni mwa waliopokea sehemu ya nuru ya Mungu.

Wenye shaka nao wana hoja. "Sehemu ya nuru" haimtoshi Mwislamu. Qur'ani (33:40) inamwambia Mwislamu kuwa Muhammad ni Mwisho wa Manabii, kwa hiyo Smith hana nafasi kwake. Wamormoni wanatuma vijana kuhubiri dunia nzima, na walio hai wanabatizwa hata kwa niaba ya wafu. Na mwaka 1844 baraza lilelile liliamuru mtambo wa gazeti lililomkosoa Smith uvunjwe. Hilo ni doa, halifutiki.

Lakini doa hilo ni la kuvunja ahadi, si la kuamini sana. Qur'ani (5:48) inasema Mungu angetaka angetufanya umma mmoja, basi tushindane katika mema.

Msibani kwetu, hata marehemu akiwa Mwanglikana, mbuzi anachinjwa na ndugu Mwislamu. Wajomba Wakristo wanashika miguu, yeye anasema bismillahi, na wote wanakula. Baadaye makaburini nyimbo za kanisa zinaimbwa naye akiwapo. Hakuna aliyelegeza chochote.

Kwa hiyo viongozi wa dini wakiitwa tena kwenye kikao cha amani, wasiulizwe kama dini zote ni sawa. Waulizwe watafanya nini siku waumini wao wakivuruga ibada ya jirani.